Sauti ya Damu Kwenye Panja

Niliondoka nyumbani Masakta asubuhi moja nikiwa na kanga mbili na viazi vitamu vya kuchemsha, bila mpango wowote. Nilikuwa nimetumwa maji. Ndoo niliijaza, nikaiacha pale kisimani ili mtu asije akasema sikufanya kazi, kisha nikapanda kilima nione barabara inakwenda wapi. Nilipofika juu nikakuta inaendelea. Nami nikaendelea nayo. Shule nilikuwa nimeshaiacha darasa la tano, si kwa kukosa akili wala ada. Dirisha la darasa letu lilitazama Mlima Hanang, mwalimu alitazama ubao, na sisi wawili hatukuelewana.

Vijana wa wodi mmeniomba niandike jinsi nilivyoingia katika kazi ile, kwa kuwa sasa nimestaafu na mnaogopa nitasahau. Mnadhani kulikuwa na njia. Njia haikuwapo, yalikuwapo magari yaliyosimama niliponyoosha mkono. Niliwapikia wajenzi wa barabara karibu na Dongobesh. Nilifanya kazi kwenye mashine ya kusaga. Niliuza chai Katesh, kwenye kibaraza cha familia moja ya Waislamu wenye duka, watu wema waliovumilia maswali yangu mpaka ulipoingia mwezi wa Ramadhani, nikayazidisha huku wao wana njaa. Nikahama. Ndivyo nilivyokuwa: nikilala mahali naota pengine, na nikifika hapo pengine, naota kwingine tena.

Hospitalini nilifika juu ya lori la vitunguu saumu. Tulikuwa tunapanda milima ya upande wa Mbulu, lori likapinda kona, utingo akateleza kutoka juu ya magunia akaangukia kisogo. Dereva aliniambia nikae naye nyuma, nishike kichwa chake kisigongwegongwe. Nikakishika mlima mzima. Alikuwa anakoroma kama mtu aliyeshiba ugali. Nakumbuka harufu ya vitunguu, ukungu ulioshuka mpaka kwenye magurudumu, na joto la kichwa kile mikononi mwangu. Nikajiuliza swali ambalo lilinichukua miaka yangu yote iliyobaki: humu ndani kunaendelea nini sasa hivi?

Mlangoni alitupokea mhudumu mmoja mrefu, mwenye nywele nyeupe pembeni, aliyeitwa Petro. Nilijaribu kumkabidhi kichwa akakataa.

"Usiachie," aliniambia. "Wewe ndiye uliyekishika, wewe utakwenda nacho mpaka kitandani. Tukibadilishana mikono, shingo itapinda."

"Mimi si wa hapa."

"Kichwa hakijui hilo."

Utingo yule aliamka, akauliza magunia yake yako wapi, akaondoka bila kujua nilikuwa nani. Mimi nikabaki. Walinipa kufua mashuka, na nilipomaliza mashuka nilikwenda kumuuliza Petro maswali. Alipochoka kuyajibu akaomba nihamishiwe wodini, angalau niyaulize huku nikimsaidia kugeuza wagonjwa.

Mtu akikwambia kwamba kazi ya wodi ya majeraha ya kichwa ni sindano na dawa, mwambie ni matofali. Vitanda vyetu vya zamani havikuwa na kishikio cha kuinua upande wa kichwani. Petro alikuwa na matofali yake ya kuchoma, yaliyobaki walipojenga choo, na kila aliyeletwa ameumia kichwa alipandishiwa miguu miwili ya kitanda juu ya tofali. Kichwa juu kidogo, shingo imenyooka, pua inatazama dari.

"Damu inaingia kwa shingo na inatoka kwa shingo hiyohiyo," alinifundisha. "Ukimkunja, inayoingia ina nguvu, itaingia tu. Inayotoka ni mpole, itakwama. Na kichwa hakitanuki kama tumbo. Kikijaa, kinajibana chenyewe."

Adui yetu mkubwa ulikuwa mto. Ndugu wa mgonjwa walileta mito kwa upendo, mikubwa, iliyoshonewa maua, wakaisukuma chini ya kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Petro aliichukua kwa heshima zote na kuificha kabatini. Kabati lile lilijaa mito kuliko duka lolote la Katesh.

Alinifundisha pia kuangalia mboni kwa tochi, moja kisha nyingine, na kuiogopa presha. Kwa aliyeumia kichwa, alisema, presha ikipanda usiharakishe kukasirika, na ikishuka usitembee, kimbia. Sababu hakuijua vizuri. Aliona tu kwamba wale ambao presha ilishuka hata mara moja, hata kwa muda mfupi, walirudi kwao wakiwa wamepungua kitu, au hawakurudi.

Kipimo chake kingine hakikuwa kwenye kitabu. Madaktari walizoea kumuuliza mgonjwa leo ni tarehe ngapi. Sasa mama wa kijijini ukimuuliza tarehe, atakuuliza kwani leo kuna mnada? Hata akiwa mzima. Kwa hiyo Petro, na baada yake sisi sote, tulisubiri salamu. Mgonjwa akiwa kijana, tulimwita mtu mzima asimame karibu na kitanda, anyamaze tu. Kijana akisema "shikamoo", tuliangaliana na kutabasamu. Amerudi. Wengi wao kweli walikuwa wamerudi. Kwetu salamu hiyo unaipata kabla ya meno, na ukiona mtu ameikumbuka unaamini kwamba na mengine yote yapo nyuma yake, yamepanga foleni.

Petro alishastaafu na kurudi kwa ng'ombe wake wakati Daktari Neema alipokuja kwetu. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini, aliyetoka masomoni na sanduku alilolibeba mwenyewe kama mtu aliyebeba mayai. Ndani yake kulikuwa na mashine iliyotumika sana kabla ya kufika kwake. Aliiita dopla. Dopla tuliijua, ni ile ya wodi ya wazazi, ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Nilimtazama akiipaka jeli na kuielekeza kwenye kichwa cha mgonjwa, nikadhani labda masomo yamemchosha.

"Mama Sabina, shika hapa," alisema. "Usikandamize."

Pembeni ya jicho, kwenye panja, mfupa ni mwembamba, na sauti ambayo sikio halisikii inaweza kupenya, ikaigonga damu inayokimbia ndani na kurudi. Mashine huigeuza kuwa sauti tunayoisikia. Mwanzoni kulikuwa na mkwaruzo tu, kama redio kati ya stesheni. Daktari akanisogeza mkono, ukucha mmoja juu, nusu ukucha nyuma. Ghafla chumba chote kikajaa upepo. *Fuua. Fuua. Fuua.* Ulikuwa ni kama upepo unaopita kwenye shamba la mahindi yaliyokomaa, ukisimama, ukipita tena. Mgonjwa alikuwa amelala, hajui kitu, na ndani ya kichwa chake kulikuwa na shamba zima linapepea.

Sikusema neno siku ile mpaka jioni. Waulizeni waliokuwapo, walidhani naumwa.

Nilimwomba Daktari anisikilizishe na cha kwangu. Tulijaribu panja la kulia na la kushoto. Kimya. Alisema wanawake wakishakuwa watu wazima, mifupa yao mara nyingi hukataa kupitisha sauti. Kwa hiyo nimesikiliza vichwa vya watu kutoka Mbulu mpaka Hanang, lakini changu sijawahi kukisikia. Hadi leo naamini kwa imani tu kwamba kuna kitu.

Daktari Neema ndiye aliyenipa sababu ambayo Petro hakuwa nayo. Mimi naieleza kwa namna ya mashine ya kusaga, maana ndiko nilikosoma. Juu kuna pipa la mahindi, chini kuna mawe, katikati kuna kibati ambacho msagaji hukishika kwa mkono. Mahindi yakijaa juu yanasukuma kwa nguvu, mkono unabana. Yakipungua, mkono unaachia. Mawe hayajui kama juu kumejaa au kumepungua, yanapata kiasi kilekile. Ubongo wa mtu mzima una mkono kama huo. Presha ikipanda, mishipa midogo ya ndani inabana. Ikishuka, inatanuka. Ndiyo maana unainuka kutoka kwenye kigoda, presha inashuka kidogo, wala hujui.

Kichwa kikiumia, mkono ule unaweza kulala. Mtu anapumua, pengine anafungua macho, lakini kibati hakuna aliyekishika. Presha ikipanda, damu inafurika mahali ambapo tayari pamevimba. Ikishuka, ubongo unakosa. Na kwa macho huoni tofauti. Kati ya yule ambaye mkono wake umelala na yule ambaye umeamka, mboni zinaweza kuwa sawa, na hata salamu pia.

Hapo ndipo alipokuja Fabiano.

Alikuwa dereva wa bodaboda wa Gehandu, kijana mwenye mabega mapana. Alianguka akiteremka na gunia la mbaazi nyuma. Kofia yake ngumu ilikuwapo, imening'inizwa kwenye usukani, na usukani haukuumia. Picha ya kichwa aliyopigwa kwingine kabla ya kuletwa kwetu ilionyesha michubuko na uvimbe, hakuna damu ya kwenda kuitoa kwa kisu. Kazi yake ilikuwa yetu: matofali, shingo, oksijeni, dripu, presha isicheze, na kusubiri.

Alifumbua macho siku moja mchana, akamtazama baba yake aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi, akasema wazi kabisa, "Shikamoo baba."

Baba yake, Mzee Boay, alikwenda dirishani akatazama nje. Akarudi, akasema, "Marahaba, mwanangu." Kisha akatoka uani kupiga simu.

Wodi nzima tulifurahi. Mimi nilifurahi. Ila kesho yake Fabiano alimsalimia muuguzi ambaye ni mdogo kwake. Akamsalimia mtoto wa mgonjwa wa jirani, mtoto wa kubebwa mgongoni. Paka alipopita dirishani akasalimiwa. Jioni nilimkuta ametulia, anaitazama chupa ya dripu iliyoning'inia juu yake, midomo inacheza. Nikainama. "Shikamoo," alikuwa anaiambia. Akasubiri, kwa adabu, itikie.

Mzee Boay alirudi siku ya tatu yake akiwa amevaa koti la kanisani. Nyuma yake alikuja shemeji wa Fabiano, na nje kulikuwa na pikapu imetandikwa godoro.

"Tumekuja kumchukua," alisema.

Daktari Neema alipiga goti kidogo kama wanavyofanya mabinti wa kwetu. "Shikamoo baba. Kumchukua kwenda wapi?"

"Marahaba. Nyumbani. Wazee wamekaa toka asubuhi wanamsubiri, wamwombee. Mbuzi amechinjwa. Majirani wamekuja mpaka wa ng'ambo ya korongo."

"Baba, bado hajawa tayari."

"Amenisalimu."

"Ni kweli. Na jana amemsalimia dripu."

Mgonjwa wa kitanda cha tatu alicheka mpaka akashika mbavu, zilizokuwa zimevunjika, akaacha kucheka. Mzee Boay hakucheka.

"Huyo dripu ni mkubwa kwake?" aliuliza.

"Hapana, baba."

"Basi ni adabu imezidi. Mimi nimelea watoto ambao adabu imepungua, sikuwaleta hospitali. Au mnangoja mpaka anitukane, ndipo mseme amepona?"

Ningekuwa mimi ndiye daktari ningeshindwa hapo. Alichokisema Mzee Boay ndicho tulichokiamini sisi wenyewe tangu enzi za Petro. Hatukuwahi kumfundisha mtu yeyote nje ya wodi ile, lakini naye alikuja nacho kutoka nyumbani, kwa sababu sote tumelelewa hivyo. Mtu anayesalimia yupo. Hilo kwetu halina mjadala.

Daktari hakubishana. Aliangalia godoro kupitia dirishani, akaangalia barabara, kisha akasema, "Baba, kabla hujamchukua, naomba usikilize kitu. Kwanza kwako, kisha kwake."

Akakubali, nadhani kwa sababu aliombwa vizuri. Alilala kwenye kitanda kilichokuwa wazi, kofia imeshikwa kifuani. Nikamfunga mikanda mipana ya presha kwenye mapaja yote mawili, juu ya suruali ya kanisani.

"Mnanifunga kama dume la kuchinjwa," alisema.

"Dume halifungwi mapajani, baba," shemeji wa Fabiano alimwambia.

"Wewe umechinja madume mangapi? Nyamaza."

Nilimpaka jeli kwenye panja nikatafuta. Mungu ni mwema, mfupa wake ulikubali. *Fuua. Fuua.* Taratibu, imara, kama mtu anayefyeka majani bila haraka.

"Ni nini hicho?"

"Ni wewe," nilimwambia.

Alisema, akiwa amefumba macho, "Nilipokuwa nachunga, mvua ikinyesha nilijibanza nikaweka sikio kwenye tumbo la ng'ombe. Kulikuwa na sauti hivi." Hata wa kitanda cha tatu alikuwa anasikiliza.

Daktari alijaza upepo mikanda, akaiacha imebana, kisha akaifungua yote kwa pamoja. Damu ikikimbilia miguuni hivyo, presha hushuka ghafla kwa muda mfupi, bila mtu kusimama. Sauti ya Mzee Boay ililegea, ikawa nyembamba. Halafu, kabla sijavuta pumzi ya pili, ikaanza kupanda yenyewe. Ikajaa tena.

"Tazama namba," Daktari alisema. "Presha yako bado iko chini, baba. Lakini kichwa chako kimeshajiongezea chenyewe. Hakikusubiri."

"Sikuhisi kitu."

"Ndivyo inavyotakiwa."

Tukahamia kwa Fabiano. Baba yake alisimama karibu, na kijana alipomwona akasema shikamoo. Mzee akaitikia haraka haraka kama mtu anayeomba watu wanyamaze. Nilipata sauti mara moja. Vijana mifupa yao ni kama karatasi. *Fuua, fuua,* kasi zaidi kuliko ya baba yake. Daktari akajaza, akasubiri, akafungua.

Ikashuka.

Tukangoja ipande. Ilibaki chini, nyembamba, kama upepo ulioishia nje ya shamba. Mzee Boay alikuwa ameinamisha sikio.

"Inakuja?"

"Bado, baba."

"Inakuja sasa?"

"Bado."

Ilirudi, ndiyo, lakini ilirudi pamoja na presha, hatua kwa hatua, kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Namba ilipanda kidogo, sauti ikapanda kidogo. Haikufanya kitu chochote kwa hiari yake. Hakuna mtu ambaye angehitaji kueleweshwa. Niliona uso wa mzee, alishaelewa.

"Akisimama?" aliuliza.

"Kila anayesimama presha hushuka kidogo," Daktari alisema. "Wewe kichwa chako kinajitetea. Cha kwake bado. Atazimia, na akiangukia jeraha lile, au ubongo ukikosa damu tena, anaweza asirudi alipo leo."

"Na kwenye pikapu?"

"Njia ile ya mawe ni kukaa na kurushwa mpaka Gehandu. Na akifika, wazee wakiwa pale, ataacha kusimama?"

Mzee Boay alitikisa kichwa. Mwanawe asingeacha kusimama. Hata akiwa usingizini angesimama.

Kisha akauliza swali ambalo sijalisahau. Alimwangalia kijana aliyekuwa anamtazama kwa macho mapole, tayari kusalimia tena.

"Sasa huyu anayenisalimu ni nani?"

Daktari alinigeukia. Mimi nikasema nilichokiona, "Ni yeye, baba. Ila bado yuko mbali. Anasalimia akiwa njiani."

Mzee alivaa kofia, akatoka. Tulimsikia uani akipiga simu, kwa sauti ya watu wasioamini kwamba simu inafikisha. "Kuleni. Nasema kuleni. Hapana, hajafa. Ombeni hukohuko, Mungu anahitaji gari? Mbuzi ameshachinjwa hawezi kufufuka, kuleni." Kisha akamwambia shemeji apande pikapu arudi. Yeye aliketi kwenye benchi la nje, na hakuondoka.

Tangu hapo tulikuwa na mhudumu mmoja zaidi. Aliyajua matofali, alijua kunyoosha shingo, na aliyeleta mto alikutana naye mlangoni. Kila tulipopima aliomba awepo. Alisimama na kofia kifuani, na sauti iliposhuka na kubaki chini, alitikisa kichwa tu akarudi benchini. Kuna siku Daktari hakupima, kwa sababu Fabiano alikuwa na homa na hatukutaka kumchokoza. Siku hizo mzee alizunguka uani kama mtu aliyenyimwa habari za nyumbani.

Wakati ule nilikuwa napita kati ya vitanda nikiwa kama nusu ndotoni. Nilipomtazama mtu yeyote, mpishi, dereva, mama anayepanga nyanya, nilimsikia ndani yake ule upepo, na yule mwenye mkono kwenye kibati, anabana, anaachia, maisha yote, bila kushukuriwa. Dunia yote ilionekana kwangu imejaa wasagaji wasioonekana. Sikumwambia mtu. Ningerudishwa kufua mashuka.

Siku ilipokuja haikuwa na dalili yoyote. Ilikuwa mchana, mvua ya rasharasha inagonga bati, Fabiano amelala. Daktari akafungua mikanda. Sauti ikashuka. Nilikuwa nimeshazoea kungoja, kwa hiyo ilikuwa inapanda tayari kabla sijagundua. Polepole, kwa kusitasita, kama mtoto anayejaribu kusimama kwa kushika ukuta. Lakini namba ya presha ilikuwa bado chini. Ilikuwa inapanda peke yake.

"Rudia," Mzee Boay alisema. Alikuwa anamwamuru daktari, na daktari akatii. Tukarudia, ikapanda tena.

Haikuwa mwisho wa kazi. Baada ya hapo palikuwa na kumkalisha, kumning'iniza miguu, kumsimamisha huku tumemshika kwapani, kumpima, kumlaza. Maneno yalimrudia moja moja na bila mpangilio. Asubuhi moja nilimpelekea uji, akaonja, akaniambia, "Mama, huu uji mmeuonyesha unga tu, hamkuutia." Paka alipita dirishani, hakumsalimia. Mzee Boay aliposimuliwa alikwenda nje akacheka peke yake, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia moshi wa jikoni leo umezidi. Akakubali kwamba umezidi.

Daktari alipomruhusu Fabiano, alinitaka niende naye mpaka kwao, nimpime presha akiwa amelala na akiwa amesimama, baada ya njia ile ya mawe. Ilikuwa safari yangu ya mwisho kazini, ingawa sikuwaambia. Tulimlaza kwenye gari la hospitali, baba yake upande mmoja, mimi upande mwingine, na nyuma mama mmoja wa Masakta aliyekuwa amejifungua. Tulipita Katesh. Jorodom tuliyaona mawe makubwa yaliyoshushwa na mlima siku ya maporomoko, bado yapo katikati ya viwanja, na watu wamejenga wakiyazunguka, bati mpya zinang'aa. Fabiano aliyatazama mpaka tukayapita. Hanang ulikuwa umejifunika mawingu mpaka kiunoni.

Miaka yote ile ya kuhamahama, Gehandu ilikuwa imenikwepa. Niliiona kwa mara ya kwanza jua likiwa bado lipo: mashamba ya mbaazi, vumbi jekundu, ng'ombe wanarudi mmoja mmoja. Nilimpima Fabiano amelala na amesimama. Presha ilikuwa nzuri. Gari likaendelea kumpeleka yule mama, dereva akasema atanipitia kesho.

"Nitalala wapi?" nilimuuliza Mzee Boay.

"Unauliza kama mgeni," alisema. "Kuna chumba cha mahindi. Mahindi tumeyasogeza."

Tulikuwa tumesimama mlangoni mwa chumba hicho, mfuko wangu mkononi, wakati Fabiano alipovuka ua kwenda zizini. Hakuna aliyemtuma. Aliinama chini kabisa, akashika gogo la kufungia zizi, akasimama nalo.

Akasita. Mkono mmoja ukatafuta nguzo, ukaishika.

Sikuwa na mashine. Mzee Boay alikuwa ameinamisha sikio upande ule, kofia imeshapanda kifuani, na mimi pia nilikuwa nimeacha kupumua. Ng'ombe wa mbele alimsogelea akamnusa.

Fabiano aliachia nguzo. Akaweka gogo mahali pake, akageuka, akatuona.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" alisema. "Baba, mpe mama maji anawe, ametoka mbali."

Mzee Boay alirudisha kofia kichwani. "Anatuamuru," aliniambia kwa sauti ya chini, na akaenda kuleta maji. Nikaingia ndani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kati ya magunia, na upande wa kichwani wameweka mito miwili, mikubwa, iliyoshonewa maua. Nikauondoa mmoja, nikauweka juu ya mahindi, nikajinyoosha.